Mstari Unaosimama Peke Yake

Karibu, kaa hapa upande wa dirishani upate upepo. Nataka kukueleza habari za mtu mmoja, na sitakuharakisha. Kama hujawahi kugusa kompyuta maishani mwako, usiwe na wasiwasi. Kila nitakapotaja jambo la kazi yetu nitasimama nilifafanue, na ukiniona nimekwenda mbio, nirudishe. Kitu kimoja tu nakuomba ukishike tangu sasa. Asubuhi moja, katika ofisi yetu ya Changamwe, mwanamke huyu aligundua kwamba orodha iliyotolewa na programu yake mwenyewe ilikuwa imeshafika depo, na kwamba ilikuwa inamwambia mdogo wake aingie ndani ya kontena lenye gesi ya sumu. Yote nitakayokusimulia yanaizunguka asubuhi hiyo.

Jina lake silitaji. Hata ofisini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bi Programa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika programu zetu, na wakati huo, miaka ya themanini ikielekea mwisho, upande huu wa Mombasa haukuwa na mwingine wa kumchanganya naye. Alikuwa mtu wa Likoni, wa nyumba ya zamani, mwenye Kiswahili cha taratibu kisichoruka silabi. Mimi nilikuwa nimetoka bara, nikipanga chumba Mishomoroni, na siku ya kwanza nilipomsalimia alinitazama juu ya miwani yake.

"Marahaba, mwanangu. Lakini hiyo shikamoo yako yakimbilia wapi? Yafukuzwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinivutia kiti karibu na mashine yake, na kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake bila mtu yeyote kutangaza.

Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini. Meli ikitia nanga, karatasi zake zilikuja kwetu: kontena fulani lina mchele, fulani lina mitumba, fulani ni la nani, lishughulikiwe vipi. Mzee Karani, aliyekuwa na kalamu mkononi tangu ujana wake na sasa alikuwa amehamishiwa kwenye kibodi, alizipiga habari hizo kwenye kompyuta. Programu ya Bi Programa ilizipanga kwa namba za makontena, kisha ikaziandika kwenye disketi, kile kisahani chembamba cha kubebea habari za kompyuta. Tarishi aliichukua disketi hiyo hadi depo, ng'ambo ya reli, ambako mashine nyingine iliisoma na kuchapa orodha ya kazi ya siku. Orodha ilimfikia mnyapara wa wapakuaji, naye akafungua makontena kwa kuifuata.

Mnyapara huyo alikuwa mdogo wake Bi Programa, wa tumbo moja. Alikuwa mtu mpana, mcheshi, mwenye kofia ya kiua aliyoivaa hata akibeba magunia. Alikuwa na kanuni yake moja ambayo kila mtu pale depo aliijua: kontena likifunguliwa, wa kwanza kuingia ni yeye, vijana wake baadaye. Na kabla hajaingia aliivua kofia yake akaitundika kwenye komeo la mlango, ili mtu asije akaufunga akidhani ndani hamna mtu.

Sasa nikueleze kile ambacho Bi Programa alijivunia kuliko vyote, maana bila hicho hutamjua.

Aliandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Ni lugha isiyokudekeza: ukikosea, haikwambii, inakuacha uendelee mpaka uanguke. Ndani ya lugha hiyo alijitengenezea maktaba ndogo. Usifikirie rafu za vitabu. Maktaba kwetu ni fungu la vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ili programu nyingine ziviazime badala ya kuanza upya kila mara. Maktaba yake ilikuwa na kazi moja tu, kuandika habari zikiwa na mpangilio, kwa namna ambayo mashine nyingine itazisoma bila kubahatisha.

Ilikuwa ndogo, ungeweza kuisoma yote ukisubiri chai ichemke. Vipande vyake alivipa majina ya Kiswahili. Kimoja kiliitwa fungua, kingine taja, kingine funga, cha mwisho maliza. Ulisema fungua kontena, ukataja namba yake, ukataja mzigo, ukataja hali, ukasema funga. Ndani ya kontena uliweza kufungua kitu kingine, kwa mfano mwenye mali, ukataja habari zake, ukamfunga kabla hujalifunga kontena lenyewe. Fikiria sinia la chakula lenye kawa yake, na juu ya sinia mabakuli, kila bakuli na kifuniko chake. Huwezi kulifunika sinia wakati bakuli bado li wazi. Maktaba ilikumbuka kila kilichofunguliwa, na uliposema funga, ilikifunga kile cha mwisho kufunguliwa, si kingine. Ulipofika kwenye maliza, iliangalia: kama kuna chochote kilichobaki wazi, ilikataa kukupa disketi.

Na kila kipande kilikuwa na jibu. Ukikiita, kikitimiza kazi kinarudisha NAAM. Kikishindwa kinarudisha LA.

"Mbona NAAM?" nilimuuliza mwanzoni. "Vitabuni, kazi ikitimia, wanaandika sifuri."

"Kwetu mtu akiitwa huitika," alisema. "Basi na hivi vitaitika. Na wewe uliyeita, usigeuke kwenda zako kabla hujasikia. Ukiita, ngoja jibu."

Meneja, mtu wa mbio na tai fupi, alipoyaona majina hayo kwenye karatasi alimtania mbele yetu.

"Bi Programa, umeandika programu au umeandika barua ya posa?"

"Barua ya posa yaweza kukataliwa, Meneja. Hii haijakataliwa bado."

Na hapo hapo, ngoja nikuonyeshe upande wake wa pili. Mwanamke huyu ambaye maktaba yake haikuacha hata bakuli moja wazi, yeye mwenyewe hakufunga chochote. Saraka za meza yake zilining'inia nje kama ndimi. Kabati alilifungua asubuhi, likashinda wazi. Chai aliinywa nusu, akaisahau juu ya printa, akaenda kumimina nyingine. Mbaya zaidi ni maneno. Alianza sentensi akaiacha katikati, macho yake yakiwa yamekwisha kwenda kwenye kioo cha kompyuta. "Mwambie Meneja kwamba ile disketi..." Basi, imeishia hapo. Ulisimama mlangoni ukingoja mwisho ambao hauji. Mzee Karani alikuwa akisema, "Huyu amewapa mashine vifuniko vyote vya nyumbani kwake, mwenyewe hakujibakishia."

Akisikia hivyo alicheka, na kabati likabaki wazi vilevile.

Alikuwa na tabia nyingine iliyotukera sote. Kila orodha iliyotoka, alichapa nakala yake mwenyewe, akasimama nayo katikati ya chumba, na kuisoma kwa sauti. Mstari baada ya mstari, taratibu, namba kwa namba. Meneja alifunga mlango wake. Mzee Karani alijaza pamba masikioni kwa maonyesho. Mimi nilimuuliza siku moja kwa nini anajichosha, wakati maktaba yake imeshahakikisha kila kitu.

"Maktaba yahakikisha kwamba kilichofunguliwa kimefungwa," alinijibu. "Haijui kama ni kweli. Haina macho ya kuuona mchele. Wewe unayo."

Nililiandika neno hilo kichwani kama unavyoandika neno la mwalimu, bila kulielewa.

Twende sasa kwenye asubuhi yenyewe.

Tarishi alikuwa amekwisha kuondoka na disketi. Bi Programa aliichukua nakala yake, akasimama mahali pake, akaanza kusoma. Mzigo, hali. Mzigo, hali. Katika neno hali tuliandika KAWAIDA kama kontena lingeweza kufunguliwa na kuingiwa. Tuliandika IMEPIGWA DAWA kama mzigo ulikuwa umewekewa gesi ya kuua wadudu. Kontena la namna hiyo hufunguliwa na watu wenye vinyago, likaachwa milango wazi lipitishe hewa, na hakuna anayeingia mpaka limepimwa. Gesi yenyewe si ya kukuonya. Huwezi kuiona.

"Mitumba, KAWAIDA," alisoma. Kisha akafika mstari uliofuata. "Mchele..."

Nilidhani ameacha sentensi katikati kama kawaida yake. Lakini hakuwa ametazama kwingine. Alikuwa anaitazama karatasi.

"Mzee wangu," alimwita Mzee Karani. "Hapa kwenye hali, mbona kuna hizi alama mbili?"

Mzee Karani alinyoosha shingo. "Ah! Hizo si alama za kama hapo juu, Bi Programa? Mstari wa juu umeshasema, sina haja ya kurudia. Kila karani ajua."

Ni kweli, kila karani alijua. Labda wewe pia umezifanya shuleni. Ukiandika orodha kwa mkono na neno linajirudia, unaweka vijistari viwili chini yake, kuonyesha kwamba ni lilelile. Mzee Karani alikuwa ameviweka maisha yake yote, na juu ya karatasi havikuwahi kumdanganya mtu, kwa sababu juu ya karatasi mstari ukishaandikwa hauondoki mahali pake.

"Juu ya nani?" aliuliza Bi Programa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Juu... ya wa juu yake."

"Mzee wangu, programu imeipanga upya mistari. Kwa namba. Huyu uliyemweka juu hayuko juu tena. Ulipiga nini hapo juu ya huu mchele? Kumbuka."

Mzee Karani alizichambua karatasi za meli moja moja. Alipoiona, hakuisoma kwa sauti. Aliigeuza tu atuonyeshe. Makontena matatu ya mchele ya mwenye mali mmoja, yote yamepigwa dawa. La kwanza alikuwa ameliandika kwa maneno kamili. Mengine mawili ameyawekea vijistari. Namba zilipopangwa, moja lilibaki chini ya lile la kwanza. La pili lilikuwa limekwenda kukaa chini ya mitumba, chini ya neno KAWAIDA.

Naomba uelewe vizuri kilichotokea, kwa kuwa hakuna aliyefanya uzembe. Alama ile ya vijistari ndiyo hiyohiyo ambayo maktaba yake iliitumia kuonyesha mwanzo na mwisho wa kila neno. Programu dhaifu ingechanganyikiwa hapo, ikafunga neno mapema, disketi nzima ikakataa kusomeka kule depo, wakatupigia simu kwa hasira, na tungejua. Lakini maktaba yake haikuwa dhaifu. Ilikutana na alama hiyo ndani ya neno, ikaiwekea kijiti mbele, kuiambia mashine ya depo kwamba hii si ya kufunga, ni sehemu ya habari, ichukue kama ilivyo. Mashine ya depo ikaichukua kama ilivyo. Printa ikaichapa kama ilivyo. Na Mnyapara, akiwa mtu anayejua kusoma orodha, angeitazama alama ile, angepandisha jicho mstari mmoja juu, na kusoma KAWAIDA.

"Simu," alisema Bi Programa.

Nilipiga. Simu ya depo ilikuwa imeshikwa. Nikapiga tena. Imeshikwa. Meneja alitoka chumbani mwake akauliza kuna nini, nikamweleza huku kidole changu kikizungusha namba.

"Tulieni," alisema. "Endelea kupiga. Wataiweka chini sasa hivi."

Nilipoinua macho, Bi Programa hakuwapo. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwachia Mzee Karani mkono wa simu, nikatoka mbio.

Nilimkuta kwenye reli. Garimoshi refu la matangi ya mafuta lilikuwa limesimama, limekata barabara, kichwa chake hakionekani wala mkia. Watu wa baiskeli walikuwa wamekaa chini wakingoja, wamekwisha kununua njugu. Bi Programa alikuwa amesimama mbele ya tangi moja, akihema, amekusanya buibui lake mkononi. Nilimwona akiinama kutazama chini ya behewa, kisha akapanda juu ya kiungo kinachoshika behewa na behewa.

Mfanyakazi wa reli alipiga kelele. "Mama! Mama we! Wataka kufa? Linaweza kuondoka!"

"Si mimi ninayekufa!" alimjibu bila kugeuka.

Alikuwa amepita hamsini, na magoti yake yalikuwa mabaya, ngazi za ofisi tu zilimtoa jasho. Alishuka upande wa pili kwa kudondoka. Nilimfuata, na nilipogusa ardhi nilisikia kile chuma nyuma yetu kikigongana behewa kwa behewa, kikianza kuvutwa.

Bawabu wa depo alitaka kutuuliza pasi. Bi Programa alimpita kana kwamba hakuna mtu pale. Ndani ya ua palikuwa na kelele za mashine za kunyanyulia, na makontena yamepangwa kama nyumba zisizo na madirisha. Alitembea akisoma namba ubavuni mwa kila moja, midomo yake ikitikisika, kama asomavyo orodha. Kisha akasimama.

Mlango mmoja wa kontena lile ulikuwa wazi. Vijana wa Mnyapara walikuwa nje, wamesimama kwa heshima ya kanuni yake, wakingoja. Na kwenye komeo ilikuwa imetundikwa ile kofia ya kiua.

Mimi nilifungua mdomo kupiga kelele: gesi, toka, hatari, lolote. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka leo naikumbuka kucha yake. Kisha akaita, kwa sauti kubwa lakini iliyotulia, kama mtu aliye ukumbini kwao akimwita aliye uani.

"Mdogo wangu!"

Lazima nikueleze hapa. Katika nyumba yao ya Likoni, mkubwa akikuita huulizi nini. Huitikii ukiwa ulipo ukaendelea na shughuli yako. Unasema naam, unaacha ulichoshika, na unakuja mpaka mbele yake. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo yule mwanamume mzima, mwenye watoto na vijana wa kuwaamuru, alivyofanya maisha yake yote mbele ya dada yake.

Akangoja jibu, macho yake mlangoni.

"Naam, dada," ilitoka sauti.

Na akaja. Alitokeza akiwa ameshika ukuta, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu, akashuka, akapiga hatua kumwendea, na akafika mbele yake kabla hajaanguka magoti na kutapika. Vijana wake walitaka kumkimbilia, wengine kuukimbilia mlango. Hapo ndipo Bi Programa alipopiga kelele. "Asisogee mtu! Rudini nyuma! Limepigwa dawa!" Wakamchukua mbali, upande unaotoka upepo, kisha hospitali kwa gari la depo.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alinizuia.

"Ungemwambia gesi, angekuuliza gesi gani. Orodha yasema kawaida. Angebishana nawe akiwa ndani, na kila neno ni pumzi. Nilimpa kitu kisicho na maswali."

Alipona. Si kama mwanzo, lakini alipona, na akarudi kazini baada ya muda mrefu.

Siku iliyofuata Meneja alitaka Mzee Karani afukuzwe. Alikuwa ameshika barua ya kumfukuza, imekwisha kupigwa chapa. Bi Programa aliingia chumbani mwake, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akifunga mlango. Sisi nje tulimsikia vilevile.

"Ukimfukuza yeye, nifukuze na mimi. Alama yake ni ya haki. Mimi ndiye niliyeuhamisha mstari wake bila kumwambia."

"Kwa hiyo programu yako ilikosea?"

"Haikukosea hata herufi moja, Meneja. Ndilo linaloninyima usingizi."

Mzee Karani hakufukuzwa. Kazi ikahamia kwenye swali la nini kifanywe, na hapo wakagombana tena. Meneja alitaka maktaba yenyewe iwe inazibadilisha zile alama: ikikuta vijistari, ijaze neno la juu, iendelee, tusisumbuliwe. Bi Programa alikataa. Maktaba iko mwisho wa njia, alisema. Ikifika kwake, mistari imeshapangwa upya, na mwenye kujua juu ya nani hayupo. Ikijaza, itakuwa inabahatisha kwa mwandiko mzuri.

Alifanya mambo mawili. La kwanza, alikaa na Mzee Karani kwenye kibodi, bega kwa bega.

"Kwa hiyo sasa niache vijistari vyangu?" mzee aliuliza, kama mtu anayenyang'anywa fimbo.

"Viandike tu, mzee wangu. Hebu jaribu. Waona? Ukiviandika, hapo hapo kwenye kioo lajitokeza neno zima. Wewe ndiye wajua ulikusudia nini. Kama silo, lifute."

Mzee Karani aliandika vijistari, neno likatokea. Akaviandika tena. Akacheka mpaka akatoa miwani. "Mtume! Yanisikiza!"

La pili alilifanya ndani ya maktaba yenyewe. Kile kipande kiitwacho taja, kikikuta neno ambalo ni vijistari vitupu, au neno tupu, kinarudisha LA. Na kikirudisha LA, maliza haitoi disketi. Kazi inasimama mpaka mtu aje aangalie kwa macho yake. Juu ya kipande hicho aliandika maelezo, kama tunavyofanya waandishi wa programu ili anayekuja baadaye aelewe. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kila mstari usimame peke yake.

Alistaafu. Akaniachia kiti chake, saraka zikiwa nje na kikombe nusu juu ya printa. Miaka ya tisini ikazidi kusonga, mizigo ikaongezeka, mashine zikawa za kasi, na lile LA likaanza kuwachosha watu. Lilisimamisha kazi kwa kisa cha neno tupu mahali ambapo kweli halikuwa na madhara. Siku moja meli ilikuwa imefika, malori yamejipanga mpaka barabarani, na orodha imekataliwa mara kadhaa kwa asubuhi moja. Meneja, tai ileile fupi, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kitoe hicho kikatazo," alisema. "Leo. Hizo habari za zamani zilikwisha. Kesho asubuhi nataka kuona disketi inatoka."

Nilikijua kipande chenyewe. Kukitoa ni kufuta mistari michache, basi. Sikukifuta. Sikusema pia kwamba sitakifuta. Baada ya kazi nilivuka kivuko nikaenda Likoni.

Nilimkuta barazani, amepungua mwili, macho yake yana ukungu. Nilimsalimia taratibu, na aliitika akitabasamu. "Leo haikimbii." Nilimweleza yote: malori, Meneja, kesho asubuhi. Nilimwambia kwamba labda Meneja ana haki, labda mimi nimeng'ang'ania kitu kwa kumheshimu yeye tu. Nilimwomba anipe ruhusa ya kukitoa, au anikataze. Nilitaka neno moja.

Hakunipa. Aliuliza kama nina orodha mfukoni. Ninayo, nilisema. "Nisomee."

Nilisoma kwa sauti, pale barazani, wapita njia wakitutazama. Nilipofika mstari mmoja alinizuia. "Huo. Usome peke yake, kama vile mingine haipo." Niliusoma. Ulikuwa na neno tupu mahali pa hali. "Kontena hilo mtu aingie asiingie?"

Nikaitazama ile nafasi tupu kwenye karatasi.

Kisha akageuza uso kuelekea ndani ya nyumba, akaita, si kwa nguvu.

"Mdogo wangu."

Huko uani kitu kiliwekwa chini. "Naam, dada." Tulizisikia hatua zake, na kabla ya hatua tuliisikia pumzi, yenye mlio mwembamba kifuani, kama mlango unaofunguka kwa bawaba kavu. Alikuja mpaka mbele yake, mvi tupu chini ya kofia ileile, akasimama akihema, akanipa mkono.

"Wanitaka nini, dada?"

"Sina neno. Nilitaka uje tu."

Yeye alicheka, akakohoa, akaniambia, "Waona mateso yangu? Tangu utotoni," akarudi zake polepole. Tuliisikia ile pumzi ikienda naye mpaka ikapotelea uani.

Bi Programa alinigeukia. "Basi mwambie Meneja..." alisema, akaiacha hapo, mkono wake ukitafuta kikombe cha chai kilichopoa.

Asubuhi nilimwambia kwamba sikitoi. Aligomba, malori yakapiga honi, nikamwita aliyepiga ule mstari, tukakaa naye na karatasi za meli mpaka tukalipata neno lake, tukaliandika kwa ukamilifu. Ndipo maliza ikaitika NAAM, na disketi ikatoka.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, iwe unaandika programu, au orodha ya dawa za mgonjwa, au maelekezo ya kazi kwa mtu usiyemwona: kabla hujaituma, chukua karatasi nyingine, funika mistari yote ubakishe mmoja. Usome huo kwa sauti. Kama hauelezi jambo lake bila ule wa juu, uandike upya, kisha uende kwenye unaofuata.